Cheklisti ya kutua kwenye ndege ndogo: isomeni hata kama mmeikariri (uzi mrefu)

upepo_wa_ubavu:
Wakuu salaam. Kwenye ule uzi wa kununua ndege ya mtumba kuna jamaa kaandika kwamba cheklisti ya kutua, ile karatasi ya mistari ya kukagua kabla ya kutua, ni ya wanafunzi na watu wa ndege kubwa, eti ukishakuwa na masaa yako mia kadhaa kwenye ndege ile ile mkono unajua wenyewe pa kwenda, na kapigiwa likes kibao. Nimeona nisiharibu uzi wa watu, tuje tuongelee hapa.

Naanza na hilo hilo la mkono maana ndo kiini cha ugomvi. Ni kweli mkono unajua. Ila unajua mfululizo tu, haujui kama kazi ya leo imefanyika. Uko daunwindi, ule upande wa mzunguko unaoruka sambamba na ranwei (njia ya kutulia) kabla ya kukata kona za kutua, umefika pale unaposhushaga magurudumu siku zote, mara mnara wa kuongozea ndege unakwambia endelea mbele usikate kona bado, kuna ndege iko mbele yako itafute kwa macho, unageuza shingo unaitafuta, huioni, unaiona, unajibu redio, ukirudi ndani kichwa kinakwambia magurudumu tayari kwa sababu kila siku ukifika hapo unakuwa umeshayashusha. Hiyo kumbukumbu ni ya safari zilizopita, na kadri unavyoizoea ndege ndivyo inavyozidi kufanana na ya leo. Mwanafunzi hili halimpati sana, yeye bado anaiogopa kila swichi. Linampata mzoefu. Kwa hiyo ile hoja ya masaa naona imekaa kichwa chini miguu juu.

Na historia yenyewe inasema hivyo. Tarehe 30 Oktoba 1935, Wright Field, Dayton, Ohio, Boeing walipeleka Model 299 kwenye majaribio ya jeshi la Marekani, ndiyo ile iliyokuja kuwa B-17. Kwenye usukani alikuwa Meja Ployer Hill, rubani wa majaribio wa jeshi, na ndani yumo Leslie Tower, rubani wa majaribio wa Boeing, mtu aliyeijua ile ndege nje ndani. Wakapaa na kufuli la usukani halijafunguliwa, lile linaloshika mkia usipigwe pigwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa. Pua ikapanda kupita kiasi, mbawa zikaishiwa nguvu, ikaanguka na kushika moto. Hill alikufa siku hiyo, Tower akafuata baadaye kwa majeraha. Sasa jeshi lingesema tutafute marubani wazuri zaidi, lakini wazuri kuliko hao wangewatoa wapi? Wakaandika karatasi fupi ya kusoma kabla ya kuruka, angani, kabla ya kutua na baada ya kutua. Kwa hiyo kitu hiki hakikuandikwa kwa ajili ya mbumbumbu, kiliandikwa kwa ajili ya mabingwa.

Kwenye ndege kubwa wako wawili, mmoja anasoma mwingine anajibu. Kwenye ndege ndogo uko peke yako, aliyekaa pembeni yako ni shemeji anapiga picha mawingu. Hakuna wa kukuuliza "magurudumu?" zaidi ya hiyo karatasi.

Bandika_Bandua:
Mkuu umeandika vizuri ila umetusahau sisi wengine. Mimi narusha Cessna 172, magurudumu yake yamechomekwa pale pale kiwandani hayaingii wala hayatoki. Flapu, zile bati za nyuma ya mbawa zinazoshushwa wakati wa kutua, naziona dirishani. Nikague nini sasa? Nisome karatasi ili nijihakikishie kwamba ndege bado ina mbawa?

upepo_wa_ubavu:
Hahaha mbawa kagua pia haina hasara. Lakini twende taratibu.

172 yako kama ni ya zamani ina kabureta, ile inayochanganya hewa na mafuta. Ukirudisha throto (leva ya nguvu ya injini) nyuma kuanza kushuka, hewa inayopita kwenye koo la kabureta inapoa sana, ukijumlisha mafuta yanayogeuka mvuke joto linaweza kushuka hata nyuzi 38 za Selsiasi. Barafu inajijenga ndani ya injini siku ambayo wewe umevaa tisheti. Hatari kubwa iko pale hewa ikiwa chini ya nyuzi 21 na unyevu umezidi asilimia 80, ila inaweza kutokea hata kwenye nyuzi 38 unyevu ukiwa asilimia 50 tu. Na ubaya wake ni kwamba throto ikiwa nyuma huisikii, injini inanguruma polepole kama kawaida yake. Utaijua siku unahitaji nguvu, uko chini kwenye fainali, ule mstari wa mwisho ulionyooka kuelekea ranwei, kuna ng'ombe kwenye ranwei, unasukuma throto mbele halafu injini inakohoa tu. Hita ya kabureta inatakiwa ivutwe KABLA hujapunguza nguvu, kwa sababu inatumia joto la moshi wa injini, ukisubiri mpaka injini ipoe unakuta hita yenyewe haina joto la maana.

Mafuta. Kwenye 172 swichi unaiweka kwenye tangi zote mbili unasahau. Siku ukihamia Piper PA-28 hakuna "zote mbili", ni kushoto au kulia, na ukisahau kubadilisha unafika fainali na tangi moja linakauka lingine limejaa. Hapo injini inazima na mafuta yapo ndani ya ndege, futi mia tatu, muda wa kutafuta swichi iliyoko kwenye ukuta karibu na goti lako la kushoto huna.

Breki: ukanyage usikie kama zina nguvu, na handbreki iwe imeachiwa, maana kutua na handbreki imevutwa ni kupasua tairi palepale. Mikanda. Na flapu, usiziangalie tu dirishani, angalia kwanza geji ya spidi kama umeingia kwenye upinde mweupe, ile alama ya spidi zinazoruhusu flapu, ndo uzishushe. Hiyo ndo karatasi yenyewe, sekunde ishirini haifiki.

FundiPropela:
Naongea kama fundi siongei kama rubani. Watu wakisikia kutua kwa tumbo, yaani magurudumu yakiwa juu, wanacheka kwa sababu mara nyingi mtu anatoka mzima hana hata mchubuko, anasimama kwenye majani anapiga simu. Ngoja niwaambie kinachobaki nyuma. Propela inagonga lami injini ikiwa inazunguka, ncha zinakunjika kama ndizi, sawa, propela utanunua. Ila ule mshtuko umeingia kwenye krenkishafti, ule mhimili mkuu wa injini unaozungusha propela, na watengenezaji wa injini, Lycoming na Continental wote, wanataka injini ishushwe ifunguliwe yote ikaguliwe hata kama ukiiwasha inaimba vizuri. Ufa wa krenkishafti hauonekani kwa macho. Bado mabati ya tumbo, antena zilizosagika, milango ya magurudumu. Kwa ndege ya umri mkubwa bima mara nyingi inapiga hesabu inaona kutengeneza hakulipi, ndege nzima inaenda kuwa spea.

Nimeshafungua za namna hiyo, na karibu kila mara mwenyewe ananiambia kitu kile kile, "fundi mimi nilishusha". Anaamini kabisa. Halafu unakuta leva ya magurudumu iko juu. Ndo maana nimeielewa ile point ya kumbukumbu ya jana.

Kiti_cha_Kulia:
Mimi ni mwalimu, nakaa kiti cha kulia, niongezee kuhusu honi kwa sababu nasikia sana "lakini ndege ina honi ya kukukumbusha".

Honi imeunganishwa na throto. Ukiirudisha nyuma sana na magurudumu yako juu, inalia. Sasa fikiria mazoezi. Tukimfundisha mtu kutua injini "imezima", navuta throto nyuma juu kule, honi inaanza, magurudumu tumeyaacha juu makusudi ili ndege iteleze mbali, honi inalia dakika nzima sisi tunaongea juu yake, tunachagua shamba, tunaelekezana. Fanya hivyo mwezi mzima. Umemfundisha mwanafunzi kwamba honi ni sehemu ya kelele za injini! Kuna video inazunguka mtandaoni miaka mingi, abiria wa nyuma anarekodi, alamu inalia kutoka mwanzo wa kushuka mpaka tumbo linasaga lami, na mbele watu wametulia kabisa. Sio viziwi wale, ni vile kichwa kikizidiwa na kazi ya macho kinazima masikio.

Na taa tatu za kijani, zile zinazowaka magurudumu yakiwa chini yamejifunga, nazo zina vituko. Piper Arrow, ndege ndogo ya magurudumu ya kukunja, ukiwasha taa za dashibodi, taa za magurudumu zinapunguzwa mwanga zisikuumize usiku. Mtu akizisahau mchana, anashusha magurudumu, anaangalia, haoni kijani, jua linapiga pale, anaanza kuhangaika na mfumo wa dharura wakati kila kitu kiko chini kimejifunga. Hilo nalo ni la kuandika kwenye karatasi yako, mstari mmoja tu: taa za dashibodi zimezimwa.

kona_ya_mwisho:
Naomba nipinge kidogo. Huko daunwindi na beisi, ule upande mfupi kabla ya fainali, ndo kuna msongamano wa ndege kuliko mahali pengine popote, uwanja hauna mnara, kila mtu anajitangaza redioni kivyake, wengine hawana hata redio. Halafu wewe unataka niinamishe kichwa nisome karatasi? Bora nisahau mkanda kuliko nigongane na mtu. Na ndege nyingi ndogo zinaanguka kwenye ile kona ya kuingia fainali kwa sababu mtu kakata kona kwa nguvu spidi imekufa, hajui mpira wa geji, ule unaoonyesha kama ndege inateleza ubavu, umeenda wapi. Macho yawe nje na kwenye spidi. Karatasi peleka ofisini.

upepo_wa_ubavu:
Hapa umesema kitu, sitabisha kwa ajili ya kubisha. Anayesoma karatasi akiwa anakata kona ya fainali anatafuta kifo kwa njia nyingine.

Ila nani kasema isomwe pale? Vingi vinafanyika kabla hujaingia kwenye mzunguko kabisa, ukiwa bado mbali, umepata hali ya hewa, ndege imetulia usawa mmoja. Tangi, mikanda, taa, breki, mikscha (leva ya kiasi cha mafuta yanayochanganywa na hewa), unamaliza huko. Daunwindi kinabaki kidogo: magurudumu na flapu ya kwanza, ukiwa sambamba na mwanzo wa ranwei, kabla ya kona yoyote. Unafanya kwa mkono kwanza, ule ule mkono mnaousifia, kushoto kwenda kulia, halafu unatupia jicho karatasi kuthibitisha. Kufanya kwanza kusoma baadaye. Mkono ndo unafanya kazi, karatasi inakagua mkono. Kwenye fainali hakuna karatasi tena, ni rangi tatu kwa mdomo: nyekundu mbele, ile mikscha, bluu mbele, ile leva ya propela, kijani tatu za magurudumu zinawaka. Unazigusa ukizitaja. Wale wa GUMPS, neno la kukumbukia la Kiingereza, ni mambo yale yale, mafuta, magurudumu, mikscha, propela, mikanda, chagua unayoweza kuisema ukiwa umechoka.

Kwa sauti jamani. Hata ukiwa peke yako. Ukiwa na abiria mwambie mapema kwamba utakuwa unaongea mwenyewe asishtuke, na mwambie pia asikuongeleshe mpaka mmesimama.

mkia_chini:
Mnaongea kama vile karatasi ni dawa. Safari ya PIA 8303 ya shirika la ndege la Pakistani, Karachi Mei 22, 2020, Airbus A320, marubani wawili, cheklisti ipo, kompyuta ipo, alamu zinapiga kelele, na bado waligusa ranwei kwa injini, magurudumu yako juu. Wakanyanyuka tena na injini zimeshasagika, zote mbili zikafa, ndege ikaangukia kwenye makazi ya watu. Ndani walikuwa 99, wakafa 97, na chini mtu mmoja. Hapo karatasi ilisaidia nini?

Kiti_cha_Kulia:
Kaka mfano wako unanisaidia mimi kuliko wewe. Wale walikuja juu sana na kwa spidi kubwa, magurudumu waliyashusha mapema kabisa halafu yakapandishwa tena njiani, na hapo ndo mtego wenyewe, maana kuna kumbukumbu halisi ya kushusha, ya leo leo. Waziri wa anga wa Pakistani alisema bungeni kwamba humo ndani maongezi yalikuwa ya corona. Karatasi ilikuwepo. Haikusomwa. Kuwa nayo mfukoni hakuhesabiki.

Ndo maana mashirika ya ndege Marekani tangu 1981 yamebanwa na sheria: chini ya futi 10,000 hakuna stori zisizohusu kurusha ndege. Sisi wa ndege ndogo sheria hiyo haitugusi, tunapiga stori mpaka tairi zinagusa chini.

Na kama unataka mfano wa watu kudharau karatasi kwa mazoea, soma ajali ya Gulfstream IV, jeti ya binafsi, pale Bedford, Massachusetts, Mei 31, 2014. Kufuli la usukani, lile lile la 1935, miaka karibu themanini baadaye! Watu saba wamekufa. Wachunguzi walifungua kumbukumbu za ile ndege wakaangalia safari 175 za nyuma, asilimia 98 hawakufanya ukaguzi kamili wa usukani kabla ya kupaa. Marubani wote wawili wazoefu, wamezoeana. Tabia ilishakufa muda mrefu, ajali ilichelewa tu kuja.

mwanafunzi_wa_anga:
Shikamooni wakubwa. Swali langu dogo, nikiwa katikati ya cheklisti mnara ukaniita, nikimaliza kujibu naendelea pale nilipoishia au?

Kiti_cha_Kulia:
Marahaba. Mnara unaweza kusubiri, sema tu "subiri" kama uko katikati ya kitu, hawatakula. Ukishakatizwa unaanza upya mstari wa kwanza, usiendelee ulipodhani umeishia, kwa sababu "nilipoishia" ndo kile kile kichwa chako kinachokudanganya. Karatasi fupi kuanza upya hakuumi. Na ukighairi kutua ukazunguka tena, hesabu kwamba hujawahi kufanya cheklisti yoyote maishani. Pale wengi wanaliwa: umesukuma throto, umepandisha magurudumu, unazunguka duara fupi, kichwani ile kazi ya kushusha tayari ina tiki.

Bi_Mawingu:
Niwachanganye kidogo, mimi narusha ndege za kutua majini na nchi kavu, zile maboya yake yana magurudumu ndani. Kwetu kushusha magurudumu ndo kosa linaloua. Ukitua nchi kavu yakiwa juu unakwaruza maboya unatoka na aibu. Ukitua majini yakiwa chini, yanakamata maji, ndege inapiga kichwa chini papo hapo, uko kichwa chini ndani ya maji umening'inia kwenye mkanda. Kwa hiyo mtu aliyekariri "magurudumu chini, kijani" kutoka ndege ya kawaida anakuja kwetu na wimbo unaomwua. Sisi tunasema sentensi nzima kwa mdomo: "natua kwenye maji, magurudumu yako juu," halafu unachungulia dirishani uyaone kwa macho, kushoto na kulia. Jibu la "tayari" haliruhusiwi. Lazima utaje hali yenyewe, juu au chini.

upepo_wa_ubavu:
Bi_Mawingu hii ya kukataza neno "tayari" naiiba. Nimeona cheklisti nyingi za mtaani jibu la kila mstari ni "tayari" au "nimekagua", mtu anazipiga zote kama anasali haraka.

Halafu kuna ule msemo wa vijiwe vya marubani kwamba wapo waliokwisha kutua kwa tumbo na wapo watakaotua. Siupendi kabisa. Unafanya jambo lionekane zamu, ikifika imefika.

kona_ya_mwisho:
Sawa nimekuelewa upande wa wapi isomwe, narudi nyuma hapo. Ila moja linanikera bado: karatasi zinazosema mikscha mbele mpaka mwisho, kila mahali. Uwanja ulioko futi 5,000 na zaidi, siku ya joto, ukisukuma mikscha yote mbele injini inapata mafuta mengi kuliko hewa, ukighairi kutua inakosa nguvu. Ukiitii karatasi umejiua kwa utii.

upepo_wa_ubavu:
Kweli kabisa, huko juu unaiweka pale injini inapotoa nguvu nyingi zaidi, sio mbele yote. Ndo maana karatasi unaitengeneza mwenyewe kutoka kitabu cha ndege YAKO, kile chenye namba ya ndege yako, kwa viwanja unavyoruka. Usipakue ya mtu.

FundiPropela:
Hapo kwa kupakua naomba nikandamize. Mtu ana 172 ya mwaka huu ana cheklisti ya 172 ya miaka ya sabini, au kinyume chake. Cessna waliporudi kutengeneza 172 mwaka 1996 walizileta na injini ya injeksheni, haina kabureta, kwa hiyo hiyo hita ya kabureta hata kitasa chake hakipo. Jamaa anasoma mstari anatafuta kitasa hakioni, anaruka mstari. Kesho anaruka na mwingine. Na zile za kwenye tableti nzuri, mpaka jua lipige kioo au ipate joto ijizime, wekeni na ya karatasi ngumu.

mwanafunzi_wa_anga:
Asanteni sana. Na nikishagusa chini flapu napandisha saa ngapi? Nimeona watu wanapandisha ndege bado inakimbia.

Kiti_cha_Kulia:
Ukishatoka kwenye ranwei na umesimama. Kwenye ndege yako ya mafunzo ukikosea hutapata dhara, lakini usijijengee tabia hiyo, kesho utakuwa kwenye ndege ya magurudumu ya kukunja. Wakati wa vita vya pili vya dunia marubani wa B-17 walikuwa wanatua salama halafu wanapandisha magurudumu badala ya flapu, ndege inakaa chini kwa tumbo. Mwanasaikolojia mmoja wa jeshi, Alphonse Chapanis, akagundua leva zote mbili zinafanana na ziko jirani, akabandika kigurudumu kidogo cha mpira kwenye moja na kipande chenye umbo la flapu kwenye nyingine. Mpaka leo ukishika leva ya magurudumu unahisi duara.

Ila Bonanza (ndege ndogo za Beechcraft) nyingi za zamani, kabla ya 1984, swichi ya magurudumu iko kulia na ya flapu kushoto, kinyume na ndege nyingine nyingi. Na usitegemee ile swichi ya mguu wa gurudumu inayozuia magurudumu yasipande ndege ikiwa chini, kwa sababu ukiwa bado unakimbia mbawa zinabeba uzito, mguu haujabonyea, swichi inadhani uko angani. Kwa hiyo simama kwanza, shika kitasa, kitaje jina, kiangalie, ndo uvute.